Tetemeko, Vita na Homa: Jinsi Kumbukumbu Zinavyoungana katika Simulizi za Kawetele



Nianze kwa kukiri kosa. Mwezi Julai mwaka 1983, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nilipelekwa wilayani Rungwe kukusanya simulizi za wazee. Nilipangiwa Kawetele, pembezoni mwa mji wa Tukuyu, kwenye baridi ambayo mtu wa pwani kama mimi hakuwa na nguo za kuikabili. Nilichukua kinasasauti, kaseti kumi na mbili, daftari mbili na Kiswahili changu. Kinyakyusa sikukijua zaidi ya kushukuru kwa kusema "ndaga fijo", neno ambalo wenyeji walinifundisha siku ya kwanza na ambalo nililitumia hata mahali lisipohitajika.

Miongoni mwa wazee niliowahoji alikuwamo bibi mmoja aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka sabini na saba hivi. Jina lake nalihifadhi. Alizungumza Kinyakyusa, na mjukuu wake, kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alinitafsiria. Kiswahili bibi alikisikia kwa kiasi cha kufuata mazungumzo, ila hakupenda kukisema mbele ya mgeni. Nilipomwuliza jambo la zamani kabisa analolikumbuka, alitoa maelezo marefu ambayo kijana aliyafikisha kwangu hivi: "Ardhi ikatikisika, mama akanibeba mgongoni akakimbilia migombani, wapagazi wakarudi kutoka vitani, baba akaja na kikohozi, akafa, na watu wengi wakafa."

Usiku ule, kwa mwanga wa kandili, niliandika daftarini: "Msailiwa anachanganya matukio. Tetemeko, vita na homa ameyafanya tukio moja. Data hii isitumike kwa tarihi." Nilijiona mtafiti makini. Daftari hilo baadaye liliingia katika kabati la idara moja, na miaka iliyofuata niliona sentensi zangu hizo zikinukuliwa katika tasnifu mbili za wanafunzi kama ushahidi kwamba simulizi za wanawake wa Rungwe hazifai kuaminiwa katika mpangilio wa matukio. Hukumu yangu ya usiku mmoja ilikuwa imegeuka kuwa matokeo ya utafiti.

Katika mhadhara huu nitajadili namna kumbukumbu zilizo mbalimbali zinavyounganishwa, katika ubongo na katika usimulizi, nikitumia ushahidi wa bibi yule. Mimi ni mtu wa isimu, na katika mambo ya ubongo ninasimama kama msomaji tu. Hata hivyo, yaliyogunduliwa katika miaka ya karibuni kuhusu seli za neva yamenilazimisha kuisikiliza upya kaseti ya Kawetele, na ndiyo sababu ya kuwaita hapa.

Ikumbukwe kwanza hali ya taaluma ilivyokuwa wakati ule. Kizazi kilichotutangulia kilikuwa kimepigana vita vya kweli ili simulizi za Kiafrika zikubaliwe kuwa chanzo cha historia. Jan Vansina alikuwa ametoa kitabu chake kuhusu mapokeo simulizi mwaka 1961. Bethwell Ogot alikuwa ameandika historia ya Wajaluo wa kusini mwaka 1967 akitumia vizazi kukadiria miaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wake wa simulizi za Majimaji mwishoni mwa miaka ya 1960, ambamo Gilbert Gwassa na John Iliffe walishiriki. Kisha likaja wimbi la wasiwasi. Mwaka 1974 David Henige alichapisha kitabu kizima cha kuonyesha kwamba tarihi inayotokana na simulizi mara nyingi ni ndoto, kwa kuwa wasimulizi hurefusha vizazi au huvikunja. Sisi tuliosoma mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulifundishwa kuuona mkunjo wa namna hiyo kama ugonjwa, na kazi yetu ilikuwa kuutafuta. Anayetafuta kosa kwa bidii hulipata.

Sasa tuyapime maneno ya bibi kwa yale yanayojulikana. Tukuyu, iliyoitwa Neu Langenburg zama za Wajerumani, iliingia mikononi mwa Waingereza mwezi Mei 1916, majeshi ya Jenerali Northey yalipovuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Lakini vita haikuisha kwa wenyeji siku ile. Majeshi ya pande zote yalihitaji wapagazi, na wapagazi walichukuliwa vijijini. Mwezi Oktoba 1918 kikosi cha Lettow-Vorbeck, kikitokea Msumbiji, kilipita Ubena na kisha Mbozi kuelekea Rhodesia, kikiwa tayari na wagonjwa wengi wa mapafu, na hatimaye kikasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Majuma hayohayo ndiyo homa kuu ya mafua ya dunia ilipokuwa ikienea katika nchi hizi, kwa njia zilezile walizopita askari na wapagazi. Kwa hiyo mpagazi aliyerudi nyumbani Kawetele mwishoni mwa mwaka 1918 aliweza kuleta habari za mwisho wa vita na homa kwa safari moja. Bibi hakuchanganya kitu hapo. Mimi ndiye niliyetenganisha, kwa sababu vitabu nilivyosoma viliweka vita katika sura moja na magonjwa katika sura nyingine.

Tetemeko ndilo linalobaki na utata. Rungwe imo katika Bonde la Ufa, chini ya milima iliyozaliwa na volkano, na ardhi yake hutikisika mara kwa mara. Tetemeko kubwa linalojulikana katika ukanda ule kwa miaka hiyo ni la tarehe 13 Desemba 1910, lililotokea upande wa Rukwa. Bibi alisema alibebwa mgongoni. Mtoto wa miaka minne hubebwa. Msichana wa miaka kumi na miwili habebwi. Yeye ndiye hubeba wadogo zake. Kati ya mgongo wa mama na kikohozi cha baba, basi, imepita miaka minane hivi. Huu ndio mkunjo halisi katika simulizi yake, na ndio unaohitaji maelezo.

Hapa naomba tuvuke kwa kitambo kwenda katika maabara, tukiiacha kaseti ikitungojea.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, katika maabara ya Alcino Silva, walichapisha matokeo ya majaribio ya panya. Waliwawekea panya vichwani hadubini ndogo sana, ili waone ni seli zipi za hipokampasi zinazofanya kazi panya anapoingia mahali fulani. Hipokampasi ni sehemu iliyo ndani ya ubongo, pembeni, ambayo bila yake kumbukumbu mpya za matukio haziwekwi. Waligundua kwamba panya akiingizwa katika vyumba viwili kwa tofauti ya saa 5, kundi la seli linalobeba kumbukumbu ya chumba cha kwanza na lile la chumba cha pili hushirikiana seli nyingi. Tofauti ikiwa siku 7, seli za pamoja hupungua. Kisha wakampa panya mshtuko mdogo wa umeme katika chumba cha pili tu. Panya aliyeviona vyumba kwa tofauti ya saa 5 alikiogopa hata chumba cha kwanza, ambamo hakuna baya lililompata. Aliyeviona kwa tofauti ya siku 7 hakukiogopa. Mwaka huohuo watafiti wa Toronto, wakichunguza sehemu nyingine ya ubongo inayohusika na hofu, walipata jambo la jinsi hiyo: matukio mawili yaliyoachana kwa saa 6 yaliungana, yaliyoachana kwa saa 24 yalibaki mbalimbali.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Seli ya neva iliyofanya kazi muda mfupi uliopita hubaki macho kwa saa kadhaa, ni rahisi kuamshwa tena. Tukio la pili likifika wakati huo, huzikuta seli hizo zikiwa tayari, nalo huandikwa juu yake. Ni kama watu waliokesha motoni: habari ikija usiku, wao ndio wanaoipokea, na kesho yake ni wao watakaoisimulia pamoja na ile ya jioni.

Mwaka 2022 maabara hiyo ya Silva iliongeza jambo lililonivutia zaidi. Saa kadhaa baada ya kujifunza, ubongo wa panya huongeza protini iitwayo CCR5, na protini hiyo ndiyo inayofunga mlango wa kuunganisha. Wengi wenu mtaitambua: ni kipokezi kilekile ambacho virusi vya UKIMWI hukitumia kuingia katika seli. Dawa ya maraviroki, iliyoidhinishwa mwaka 2007 kwa ajili ya kuzuia virusi hivyo, ilipopewa panya wa umri wa kati ambao uwezo wao wa kuunganisha ulikuwa umefifia, uwezo huo ulirejea. Maana yake kwa mjadala wetu ni kwamba kutenganisha nako ni kazi. Ubongo hauachi tu mambo yaachane. Una chombo cha kuyaachanisha.

Najua pingamizi litakalotolewa na wenzangu wa saikolojia. Panya si bibi, saa 5 si miaka minane, na chumba chenye umeme si vita. Pingamizi ni la haki, na ukiishia kwenye majaribio hayo huwezi kueleza mgongo wa mama ulivyokutana na kikohozi cha baba. Lakini kuna matokeo mengine, ya mwaka 2000, ya Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux. Hao walionyesha kwamba kumbukumbu ya hofu iliyokwisha kukaa imara katika ubongo wa panya-buku, ikiamshwa tena, hurudi katika hali ya ulaini na huhitaji kujengwa upya ili idumu. Kukumbuka, basi, hakufanani na kutoa kitabu rafuni na kukirudisha. Kila kinapotolewa, wino wake hulowa.

Tuyaweke matokeo hayo mawili pamoja. Ikiwa matukio yaliyo karibu kwa wakati huungana, na ikiwa kukumbuka ni kuliamsha tukio upya, hapana budi tuulize: je, matukio mawili yaliyoachana kwa miaka minane, yakisimuliwa jioni moja, hayawi karibu kwa wakati? Ubongo haujui kalenda. Unachokijua ni kwamba yote mawili yameamka usiku huu. Hili nalileta kama pendekezo langu, na sidai kwamba maabara imelithibitisha kwa binadamu wa Kawetele. Lakini linatuelekeza pa kuchungulia, nako ni kwenye barabara za nyumba ambamo matukio yalisimuliwa, nani alikuwapo, na mara ngapi.

Kwa bahati njema, jambo hilo kwa Wanyakyusa limeandikwa. Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwao kwa vipindi kati ya mwaka 1934 na 1938, na Monica alirudi mwaka 1955, mumewe akiwa amekwisha kufariki. Vitabu vyake vinaeleza mpango wa makazi usio wa kawaida. Wavulana wa miaka kumi au kumi na mmoja waliondoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembezoni, wakawa wanalala huko na kwenda kula kwa mama zao. Wakikua wakaoa, wakaendelea kuishi pamoja katika kijiji chao cha rika, ipanga, maisha yao yote. Karibu kila baada ya miaka thelathini ilifanyika sherehe ya ubusoka, ambapo kizazi cha baba kilikabidhi utawala kwa kizazi cha wana. Jambo lililothaminiwa kuliko yote lilikuwa ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzako kwa mazungumzo na furaha, na ndilo lililompa Monica Wilson jina la kitabu chake cha mwaka 1951.

Fikirieni maana yake kwa kumbukumbu. Wanaume waliozaliwa karibu kwa wakati walikaa motoni pamoja kwa miaka hamsini wakisimuliana. Mwanasosholojia wa Kifaransa Maurice Halbwachs aliandika mwaka 1925 kwamba mtu hukumbuka ndani ya mifumo aliyopewa na jamii yake. Angefika Rungwe angeukuta mfumo huo umejengwa kwa mianzi. Wazee wa kiume niliowahoji Kawetele walinipa tarihi nzuri ajabu: walianza na utawala wa nani, ubusoka wa nani, ng'ombe yupi alitoka kwa nani kwenda kwa nani kwa mahari ya nani. Niliwasifu daftarini. Frederic Bartlett, katika kitabu chake cha mwaka 1932, anamtaja mchungaji wa Swazi aliyeweza kutaja ng'ombe mmoja mmoja walionunuliwa na bwana wake mwaka mmoja kabla, rangi na bei, kwa makosa madogo mawili tu. Bartlett alieleza kwamba hapakuwa na muujiza: ng'ombe ndio lililokuwa jambo la maana kwa mtu yule. Nasi tungeongeza kwamba ndilo lililozungumzwa kila siku.

Mwanamke hakuwa na ipanga yake. Aliolewa akaenda kuishi katika kijiji cha rika la mumewe, miongoni mwa wanawake waliotoka huku na huko. Kumbukumbu zake zilisimuliwa jikoni, kwa mabinti, na katika misiba. Ufundi wa kuunganisha ulikuwa uleule. Kilichotofautiana ni nguzo za kufungia kamba. Katika misiba, nilivyoona mwenyewe, wanawake walitaja kifo baada ya kifo na hofu baada ya hofu, bila kujali ni za mwaka gani. Bibi aliyeisikia hofu ya tetemeko na hofu ya homa zikitajwa katika kilio kimoja kwa miaka sitini alikuwa na sababu ya kuziweka mahali pamoja. Nilipima ushahidi wake kwa kipimo cha ipanga, ambayo hakupata kuishi ndani yake kama mwenyewe. Na wakati huo hata ipanga zenyewe zilikuwa zimekwisha kulegea, P. H. Gulliver alikwisha kueleza mwaka 1958 jinsi uhaba wa ardhi ulivyoubana mpango huo.

Mpaka hapa, mabibi na mabwana, ningeweza kumaliza mhadhara nikiwa nimemsafisha bibi na kujilaumu kidogo. Ndivyo nilivyokusudia. Kisha nikaisikiliza kaseti.

Kaseti hizo zilikuwa zimekaa katika sanduku la bati kwa miongo kadhaa. Mbili zimeliwa na unyevu. Ile ya bibi ilikuwa inasikika, na safari hii nilikuwa na mwenzangu, mzungumzaji wa Kinyakyusa na mwanaisimu, tuliyeinukuu naye neno kwa neno. Sentensi ile ndefu niliyowasomea mwanzoni haimo. Kilichomo ni hiki: bibi anasema ardhi ilitikisika na mama akambeba. Ananyamaza. Nilipima ukimya huo: sekunde 19. Anasikika akimwagiza mtu achochee moto. Anakohoa. Halafu anaanza habari nyingine, ya wapagazi, na anaianza kwa namna ambayo mwenzangu aliitambua mara moja kuwa ni ya kufungua kisa kipya. Baada ya hapo ndipo kijana, aliyekuwa akingoja, anatafsiri yote kwa pumzi moja: ikatikisika, akanibeba, wakarudi, akaja, akafa.

Wanafunzi wa sarufi wanaijua *-ka-* ya usimulizi. Ni kiambishi kizuri, na usimulizi wa Kiswahili haungekuwa na mwendo wake bila hicho. Kinasema kwamba tendo hili linafuata lile. Hakisemi baada ya muda gani. Kati ya "akanibeba" na "wakarudi" inaweza kupita dakika au miaka minane, na kiambishi hakitaona haya. Kinyakyusa nacho kina maumbo yake ya vitenzi vya masimulizi, ambayo Bastian Persohn ameyachambua katika kitabu chake cha mwaka 2017, lakini kijana hakuwa anatafsiri maumbo. Alikuwa anamsaidia mgeni aelewe haraka. Sekunde 19 za bibi zilikuwa ndiyo miaka minane, na *-ka-* moja ilizifuta.

Wakalimani wetu hatuwataji vya kutosha. Leonard Mwaisumo, karani aliyefanya kazi na akina Wilson, alingoja hadi mwaka 2013 ndipo kitabu cha Andrew na Leslie Bank kikampa sura yake. Yule kijana wa Kawetele hayumo hata katika daftari langu. Niliandika tu "kupitia mfasiri".

Lakini kaseti ina upande wa pili. Kama saa moja baadaye, kwa mujibu wa mwendo wa utepe, tumekunywa chai, tumezungumza mambo ya mavuno, ndipo namsikia mwanafunzi yule, yaani mimi, akimrudia bibi kwa Kiswahili cha polepole: "Kwa hiyo bibi, tetemeko lilitokea wakati wapagazi wanarudi?" Kijana anatafsiri. Bibi anakaa kimya kwa muda mfupi, kisha anajibu. Mwenzangu aliisikiliza sehemu hiyo mara tatu kabla ya kunitafsiria. Bibi anasema ndiyo. Anasema alikuwa mgongoni mwa mama yake, ardhi inatikisika, akamwona baba yake anapanda njia kutoka bondeni, amejifunika blanketi la askari, anakohoa.

Mara ya kwanza habari hiyo ya blanketi haikuwapo. Wala hakuwa amesema mara ya kwanza kwamba alimwona baba yake akiwa mgongoni. Sina njia ya kujua kama taswira ile ilikuwa imeungana kichwani mwake tangu misiba ya zamani, au kama iliungana jioni ile, chai ikiwa bado moto, kwa tafsiri ya mjukuu na swali la mgeni. Nakumbuka kwamba alipomaliza kusema alifuta macho kwa ncha ya kanga, na kwamba mimi, kwa kutojua la kufanya, nilisema ndaga fijo, nikazima kinasasauti.